Tuta Lisilo na Mwenyewe: Mabwawa, Makalavati na Mafuriko katika Bonde la Kilombero

(Hotuba ya mhandisi wa maji mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wageni wafadhili, Ifakara. Tumeichapa kama alivyoitoa. Tumepunguza salamu tu.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie usalama wa mabwawa na hatari ya mafuriko. Nje ya barua nikaambiwa kwamba mezani kwenu kuna maombi ya miradi: moja ni tuta la kuzuia maji ya mto Lumemo yasiingie mjini, na mengine ni malambo ya umwagiliaji na ufugaji wa samaki katika parokia zilizo chini ya mlima. Kwa hiyo natambua kwamba sikuitwa kutoa somo peke yake. Mnataka kujua kama mtie saini au msitie. Nitajitahidi kusema wazi, na atakayekuwa na mawazo tofauti tutabishana baada ya chai.

Kwanza tuondoe uvumi, maana uvumi ukichanganyika na mafuriko hufanya watu wakimbilie upande usio sahihi. Tangu mvua za masika za 2024, Lumemo ulipofurika na maji kuingia majumbani hapa Ifakara, nimesikia maneno matatu kwenye daladala na sokoni. La kwanza: "Kidatu wamefungulia maji." La pili: "Bwawa la Nyerere limejaa, sasa maji yanarudi nyuma." La tatu: "Kihansi limepasuka."

Kidatu linashukiwa kwa sababu liko katika wilaya yetu. Ni kweli ni bwawa la kuheshimiwa: kuta lake la udongo na mawe lina kimo cha karibu mita 40, awamu ya kwanza ya mitambo ilianza kufanya kazi 1975, na leo ina uwezo wa megawati 204. Lakini liko kwenye mto Ruaha Mkuu, si kwenye Kilombero. Maji yakiachiwa pale hupita Kidatu na mashamba ya miwa, yakaelekea mashariki hadi kuungana na Rufiji. Hayakanyagi Ifakara hata kidogo. Kidatu ikifungua milango, wa kupigiwa simu ni ndugu zetu wa kando ya Ruaha kule chini, na si mtu wa Lipangalala.

Bwawa la Julius Nyerere nalo ni kubwa kuliko yote tuliyowahi kujenga: kimo cha mita 131, megawati 2,115, maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024. Je, likijaa linaweza kurudisha maji hadi kwetu? Chukueni namba mbili tu. Kiwango cha juu cha maji ya bwawa lile ni mita 184 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Ifakara uko kwenye mita 250 hivi. Halafu katikati kuna maporomoko ya Shughuli, mahali ambapo Kilombero hukutana na Luwegu na mto kuanza kuitwa Rufiji. Maji hayapandi mlima, hata kwa amri ya serikali. Bwawa lile haliwezi kutufurisha sisi. Sisi ndio tunaolipelekea maji, maana Kilombero peke yake hutoa karibu asilimia 60 ya maji yote ya Rufiji.

Kihansi ndilo lililo upande wetu, juu ya ukingo wa Udzungwa, na maji yake hushukia bonde letu. Ukuta ni wa zege, kimo chake mita 25 tu. Nguvu yake ya megawati 180 haitokani na wingi wa maji yaliyohifadhiwa. Inatokana na maji kuanguka zaidi ya mita 800 ndani ya mwamba. Bwawa lenyewe ni dogo sana. Mto ukifurika, mafuriko hupita juu yake kama vile halipo. Haliwezi kutukinga, na kwa udogo wake haliwezi kufurisha bonde zima, ingawa wanaoishi kando ya mto ule chini ya mlima wana haki ya kufundishwa king'ora kinasemaje.

Nitaongeza moja la kesho. Mto Ruhudji, unaotoka Njombe na kuingia katika bonde letu, una mpango wa siku nyingi wa bwawa la umeme la megawati 358. Siku litakapojengwa, hilo litakuwa juu yetu kweli. Kamati zenu zisisubiri uzinduzi. Wakati wa vikao vya kuwashirikisha wananchi ulizeni swali moja: uko wapi mpango wa dharura, na una majina ya vijiji vyetu ndani yake?

Sasa, kabla sijaacha mabwawa makubwa, lazima niseme kuhusu Rufiji, kwa sababu wafadhili waliniuliza jana jioni. Aprili 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zilizama. Wananchi walisema maji yamefunguliwa bwawani. Serikali na shirika la umeme walisema mvua za El Niño zilizidi, bwawa likawa limejaa na maji hayakuwa na budi kupitishwa. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zinaeleza jambo lile lile kutoka kingo mbili tofauti za mto. Bwawa hupunguza mafuriko kwa nafasi tupu iliyomo ndani yake. Ndoo iliyojaa haipokei maji ya bomba. Na bwawa la umeme, kwa asili yake, linapenda kujaa, kwa sababu kina kirefu ndicho umeme mwingi. Anayetaka bwawa liwakinge watu wa Utete na Muhoro lazima akubali kuliacha pungufu kabla ya masika, na kupungua huko ni fedha. Hilo ni suala la kanuni za uendeshaji: mlango ufunguliwe lini, kwa kiasi gani, na nani aambiwe siku ngapi kabla. Kanuni hizo zisipojulikana kwa watu wa chini, basi hata mhandisi mwaminifu ataitwa muuaji.

Kitaifa, tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na kwamba zaidi ya watu 200,000 waliathirika. Katika vifo hivyo sijui hata kimoja kilichotokana na kupasuka kwa bwawa kubwa. Waliokufa walibebwa na mito ya kawaida, makorongo, maporomoko ya matope, na maji yaliyozuiwa na kitu kidogo kisha yakaachiwa kwa ghafla.

Hapo penye kitu kidogo ndipo nilipotaka kufika.

Tarehe 9 Mei 2018 huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka lambo la udongo la shamba binafsi usiku na kuua watu wasiopungua 47. Halikuwa bwawa la umeme. Lilikuwa la kumwagilia, juu ya kilima, na chini yake kulikuwa na nyumba na shule. Miaka sita baadaye, tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, watu walisikia kwamba bwawa limepasuka, na magazeti yakaandika hivyo. Wataalamu wa maji walipokwenda kuangalia walikuta kwamba pale hapakuwa na bwawa. Palikuwa na tuta la reli ya zamani. Kalavati lililopitisha korongo chini ya reli lilizibwa na magogo, mawe na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka likashindwa. Watu zaidi ya 45 walikufa.

Naomba mlione hilo vizuri. Tuta la reli lilijengwa lipitishe treni. Hakuna aliyelipigia hesabu ya kushika maji. Siku kalavati lilipoziba, likageuka bwawa bila kibali, bila mhandisi, bila mlinzi na bila jina.

Sasa turudi nyumbani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inafuata mguu wa milima ya Udzungwa kutoka Msolwa, Mang'ula na Kiberege hadi hapa Ifakara, kisha Mbingu, Chita na Mlimba. Kila kijito kinachoshuka mlimani lazima kipite chini ya reli hiyo. Barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara, iliyozinduliwa 2024, nayo inavikata vijito hivyo hivyo. Hata daraja letu la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa 2018 na kutuondolea adha ya kivuko, linafikiwa kwa barabara iliyoinuliwa juu ya tuta katikati ya mbuga. Silaumu ujenzi huo. Mimi mwenyewe nimevuka pale kwa shukrani. Ninachosema ni kwamba bonde letu limejaa matuta ambayo kazi yake rasmi si kuzuia maji, na usalama wetu uko kwenye matundu yaliyo chini yake.

Nani anasafisha matundu hayo kabla ya mvua za Novemba? Nimeuliza swali hili katika vijiji kadhaa. Kijiji husema ni kazi ya reli. Reli wana kilomita 1,860 za kuangalia kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Watu wa barabara husema kalavati lao ni safi, gogo limekwama kwenye la reli. Gogo lenyewe limetoka kwenye shamba la mtu juu mlimani. Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitiana saini mjini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Kazi itakapofika kwetu, kamati zenu zipeleke barua yenye orodha ya makalavati yanayoziba kila mwaka, na picha zake. Hiyo ni barua ya bei ya bahasha, na thamani yake ni kubwa kuliko miradi mingi tunayoiandikia kurasa arobaini.

Nije kwenye tuta la Lumemo.

Lumemo unashuka kutoka Udzungwa kwa kasi, na ukifika kwenye tambarare ya Ifakara unapunguza mwendo ghafla. Mto ukipunguza mwendo hutua mzigo wake, yaani mchanga na matope. Ndiyo maana sakafu ya mto inapanda mwaka hata mwaka, hasa milima ikilimwa hadi kwenye kingo. Tukijenga matuta kandokando yake na kuubana, mchanga ambao zamani ulitawanyika mbugani utabaki katikati ya matuta. Baada ya miaka kadhaa mto unatiririka juu kuliko nyumba. Tutaongeza tuta kimo. Sakafu itapanda tena. Mashindano hayo hayana mwisho, na siku tuta linapokatika, maji hayaji kwa kupanda taratibu kama mafuriko ya babu zetu. Yanakuja kama ukuta.

Hili tumelishuhudia ndani ya mkoa wetu wa Morogoro. Mji wa Kilosa ulikingwa na tuta la mto Mkondoa tangu enzi za ukoloni. Watu walizoea, wakajenga chini yake, mifugo ikapita juu yake, na mto ukaendelea kushusha mchanga kutoka Ukaguru na Rubeho. Desemba 2009 tuta likakatika, maelfu wakapoteza makazi na kulala kwenye mahema, na reli ya kati ikabomolewa vibaya. Tuta lililokuwa limewakinga baba zao ndilo lililokuwa limewashawishi watoto kujenga mahali pale.

Kuna hesabu nyingine ambayo huwa haiandikwi kwenye andiko la mradi. Mhandisi akisema tuta ni la "mafuriko ya miaka 20", watu huelewa kwamba wako salama kwa miaka 20. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya 20 ya maji kupita juu yake. Ukiishi chini ya tuta hilo kwa miaka 20, nafasi ya kukutwa na maji yale angalau mara moja ni kama 64 katika 100. Ukijenga la mafuriko ya miaka 100, kwa miaka 30 ya mkopo wa nyumba yako bado una nafasi ya 26 katika 100. Na hesabu hizi zenyewe zinategemea vipimo vya mto. Vipimo vya Kilombero vinavyotegemewa zaidi na watafiti ni vya kituo cha Swero, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo mashamba yameongezeka, misitu ya kingoni imepungua na mvua zimebadilika. Tunamshonea kijana suti kwa vipimo alivyopimwa akiwa mtoto.

Je, nasema msijenge tuta? Nasema msijenge lile lililochorwa kwenye ombi, lililobanana na mto pande zote mbili ili kuokoa viwanja. Kama mnataka tuta, liwekwe mbali na mto, kulinda sehemu yenye watu wengi, hospitali na shule, na mto uachiwe upana wa kutanua mabega. Mahali pamoja paachwe chini kidogo kwa makusudi, pajengwe kwa mawe, ili maji yakizidi yapite pale tulipopachagua sisi, kuelekea mbugani, badala ya kupachagua yenyewe usiku. Najua maana yake. Baadhi ya familia zitatakiwa kuhama, na viwanja vingine vilivyokwisha kuuzwa havitajengwa. Hilo ni gumu kuliko kuagiza kifusi, na halifanywi na parokia peke yake. Ni la Halmashauri ya Mji, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na wananchi wenyewe. Lakini mkikwepa ugumu huo mkakimbilia kifusi, mtakuwa mmeahirisha Kilosa.

Tusisahau pia kwamba mafuriko si adui mtupu. Mpunga wa bonde hili unakula tope la mto, na samaki wa Kilombero huzaliana maji yanapotandaa mbugani. Wazee wa Kindamba waliishi na mto huu kwa kulala juu ya madungu na kuweka makao kwenye miinuko. Hawakuwa na zege, ila walijua maji yanafika wapi.

Kuhusu malambo ya umwagiliaji, hapa mnanikuta na furaha zaidi, kwa sababu lambo dogo lililojengwa vizuri ni baraka. Skimu kama za Mkula, Msolwa Ujamaa na Njage zinaonyesha jinsi vijito vya mlimani vinavyoweza kulisha mpunga hata bila bwawa, kwa banio na mfereji tu, na ningeanza kwa kuuliza kama banio halitoshi. Lakini kama ni lambo, basi tuelewane kuhusu namna linavyokufa.

Lambo la udongo hufa kwa njia mbili kubwa. Ama maji hupita juu ya tuta na kulikwangua kwa upande wa nyuma, ama hupenya ndani yake na kulitafuna polepole kama mchwa anavyotafuna boriti. Dhidi ya la kwanza kuna utoro, ile njia ya pembeni ya kutoroshea maji yaliyozidi. Utoro ndio moyo wa lambo. Na ndio sehemu ya kwanza kupunguzwa bajeti inapobana, kwa sababu kwenye picha ya uzinduzi hauonekani kitu. Nimeona utoro uliozibwa kwa mifuko ya mchanga ili lambo "lishike maji zaidi". Nimeona mwingine uliowekewa wavu ili samaki wasitoroke, majani yakanasa, wavu ukawa ukuta. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye njaa ya maji waliokabidhiwa funguo bila kuelezwa.

Dhidi ya la pili kuna udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu unaofaa, na baada ya hapo kuna macho. Si lazima yawe macho ya mhandisi. Katekista au mwalimu anaweza kutembea juu ya tuta kila wiki wakati wa mvua, na chini yake upande wa nyuma. Akiona unyevu mpya, aweke kijiti na kuandika tarehe. Maji yanayotoka yakiwa maangavu na hayaongezeki, anaendelea kuyaangalia. Yakiwa na rangi ya udongo, lambo linatapika nyama yake. Hapo hakuna kusubiri kikao, maji yapunguzwe na watu wa chini waondoke usiku huo huo. Kichuguu juu ya tuta kichimbuliwe hadi kwa malkia. Mti ung'olewe ukiwa mche. Mti mkubwa usikatwe tu na kuachwa, kwa sababu mizizi ikioza huacha mabomba ndani ya tuta. Nyasi fupi ndiyo mavazi ya tuta. Nasikia baadhi ya miradi hupanda migomba na miembe pale ili wafadhili wakija waone kijani. Tafadhali.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa lambo la udongo methali hiyo ni ya huruma mno, maana ufa ukiachwa huenda asibaki wa kujenga.

Sasa neno kwa wafadhili wetu, na naomba mlipokee kwa upendo. Utaratibu wa miradi mingi ni miaka mitatu: kuibua, kujenga, kuzindua, taarifa ya mwisho. Tuta linaanza kuishi siku mnapoondoka. Mji wa Derna nchini Libya ulikuwa na mabwawa mawili juu yake, yaliyojengwa miaka ya 1970. Nyufa zilijulikana, mkataba wa ukarabati ulitolewa 2007, kazi haikukamilika. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 yalipasuka yote mawili, la juu likalibomoa la chini, na maelfu ya watu wakapelekwa baharini. Ujuzi wa kujenga ulikuwepo miaka hamsini nyuma. Kilichokosekana ni matunzo.

Kwa hiyo ningeomba kila shilingi ya kujenga lambo iambatane na fungu la matunzo lililofungwa kwa jina hilo, na mkataba unaosema nani ni mwenye lambo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kanuni za usalama wa mabwawa zilizofuata, zinataka bwawa liwe na kibali na mmiliki anayewajibika. "Jamii" si mmiliki. Jamii haiitwi polisi, haina namba ya simu. Iwe ni jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa, au parokia, au halmashauri; mmoja. Asipopatikana wa kukubali jina lake liandikwe, basi lambo lisijengwe, hata kama fedha zimekwisha kuingia benki.

Na kabla ya tuta lolote, kuna kitu cha bei ndogo ambacho sijakiona kwenye maombi yenu. Vibao vya kupimia kina cha maji kwenye Lumemo: kimoja juu, karibu na mlima, kingine kwenye daraja. Msomaji mmoja kwa kila kibao, anayelipwa posho bila kukosa, kusoma asubuhi na jioni, na kila saa mto ukichafuka. Simu yenye salio. Orodha ya namba za wenyeviti wa mitaa. Na kengele ya kanisa, ambayo haihitaji umeme wala mtandao, ikiwa na mlio wake uliokubaliwa na watu wa dini zote kwamba huu si wa misa, huu ni wa maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari zake, na ni nzuri, lakini inasema "baadhi ya maeneo ya mkoa wa Morogoro". Mama wa Mlabani anataka kujua kama ni usiku huu. Masomo hayo yakihifadhiwa kwenye daftari na nakala kupelekwa Bodi ya Bonde, miaka 10 ijayo mhandisi atakayekuja kuchora tuta atakuwa na vipimo vya mto wa leo.

(Baada ya hotuba, mjumbe mmoja aliuliza: "Mhandisi, posho ya msomaji haina jiwe la msingi. Mgeni rasmi atazindua nini?" Ukumbi ulicheka. Jibu lilikuwa hivi:)

Azindue kibao. Apake rangi mstari wa mahali maji yalipofika 2024, juu ya ukuta wa shule, kanisa na msikiti, kila mtaa uone. Mstari huo una kazi: mtu anayenunua kiwanja atauona kabla hajalipa. Rangi ni kopo moja. Wazee wanaokumbuka yalipofika mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998, bado wapo. Waulizwe sasa, tupake na mstari wa pili. Kuhusu tuta, rudisheni ombi kwa mchoraji akiwa na maswali niliyoyataja, na kikao kijacho nitakuja kwa nauli yangu mwenyewe kuangalia mchoro mpya. Kuhusu makalavati, yaliyo karibu na hapa nimehesabu manne yaliyoziba kati ya stesheni na Kiberege. Yanahitaji vijana kumi, mapanga, kamba na siku mbili, na ruhusa ya reli ambayo mwenyekiti anaweza kuiomba Jumatatu.